Ushirikiano na uhasama katika makundi ya sokwe mtu

Ushirikiano na uhasama katika makundi ya sokwe mtu ni jumla ya tabia zinazowafanya sokwe (jina la kisayansi: Pan troglodytes) wa porini waishi katika makundi yenye mipaka. Ndani ya kundi madume husaidiana kutafuta cheo, kuwinda na kulinda eneo lao. Nje ya kundi huwaona sokwe wa jirani kuwa maadui, na mara nyingine huwashambulia hadi kuwaua.

Tabia hizo zilijulikana kwanza kutokana na utafiti uliofanyika Tanzania, katika Gombe na Mahale kando ya Ziwa Tanganyika. Baadaye zilichunguzwa kwa kina nchini Uganda, hasa katika msitu wa Kibale. Wataalamu wa mageuko ya spishi wanazifuatilia kwa sababu sokwe, pamoja na bonobo, ndio jamaa wa karibu zaidi wa binadamu kati ya wanyama wote walio hai.

## Sokwe nchini Tanzania

Sokwe wa Tanzania huishi magharibi ya nchi, katika mikoa ya Kigoma na Katavi. Wako pia katika kisiwa cha Rubondo ndani ya Ziwa Viktoria, lakini hao ni wazao wa sokwe waliopelekwa huko kati ya miaka 1966 na 1969 baada ya kukaa kifungoni Ulaya. Misitu ya Kilimanjaro haina sokwe. Wanyama wanaoonekana huko, kama vile mbega na kima, wana mkia mrefu na si jamaa wa karibu wa sokwe. Sokwe hana mkia, ana ubongo mkubwa zaidi, na ukoo wake uliachana na ule wa binadamu miaka milioni kadhaa tu iliyopita.

Gombe ni hifadhi ndogo iliyoko kaskazini ya mji wa Kigoma. Ilitengwa mwaka 1943 kuwa pori la akiba na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Jane Goodall, mtafiti kutoka Uingereza, alifika hapo tarehe 14 Julai 1960 akiwa ametumwa na Louis Leakey, mtaalamu wa mabaki ya kale aliyeishi Kenya. Mwaka huohuo alimwona dume mmoja akitumia kijiti kutoa mchwa kwenye kichuguu. Hadi wakati huo wengi waliamini kwamba ni binadamu peke yake anayetengeneza na kutumia zana.

Mahale iko kusini zaidi, katika ufuo huohuo wa ziwa. Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, alianza utafiti huko mwaka 1965, na eneo hilo likawa hifadhi ya taifa mwaka 1985.

## Maisha ya kundi

Katika miaka ya mwanzo watafiti walidhani kwamba sokwe hawana makundi ya kudumu, kwa kuwa waliwaona wakitembea wawili wawili, au watano, au kumi, na kila siku kwa mpangilio tofauti. Nishida ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1960, kwamba vikundi hivyo vidogo ni sehemu za kundi moja kubwa lenye wanachama wanaojulikana na eneo lake. Wanachama hukutana na kuachana kufuatana na wingi wa matunda, lakini hawachangamani na sokwe wa kundi jingine.

Madume hubaki maisha yao yote katika kundi walimozaliwa. Majike wengi huhamia kundi jingine wanapofikia balehe, ingawa huko Gombe baadhi yao hubaki nyumbani. Jambo hili ni la msingi katika kuelewa uhasama wa sokwe. Dume hana mahali pengine pa kwenda: eneo likipotea amepoteza chakula chake, majike na kinga yake. Jike kijana anaweza kupokewa na jirani, lakini dume mgeni hapokewi.

## Namna za ushirikiano

Ushirikiano wa kila siku huonekana katika kuchambuana manyoya. Sokwe wawili huketi karibu na mmoja humpekua mwenzake, akiondoa uchafu na wadudu. Faida yake si usafi tu, kwani kazi hiyo hujenga na kutunza urafiki.

Urafiki huo hutumika katika kugombea cheo. Dume kiongozi si lazima awe mwenye nguvu kuliko wote. Huko Gombe, dume aliyeitwa Mike alimshinda Goliath mwaka 1964 kwa kuyagonganisha madebe matupu ya mafuta ya taa na kuwatisha wenzake. Figan, aliyekuja kuwa kiongozi baadaye, alisaidiwa sana na kaka yake Faben, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa umepooza kutokana na polio ya mwaka 1966. Huko Mahale, Nishida alieleza jinsi dume wa tatu kwa cheo, Kamemanfu, alivyohamisha msaada wake mara kwa Kasonta na mara kwa Sobongo. Kwa kuwa kila mmoja wa wakubwa hao alimhitaji, yeye mwenyewe alinufaika.

Sokwe huwinda pia. Windo lao kubwa katika Afrika ya Mashariki ni mbega wekundu. Mara nyingi madume kadhaa huwinda kwa pamoja, na nyama hugawanywa baada ya kuombwa sana. Mgawo huo si wa sawa. Ntologi, aliyekuwa kiongozi wa kundi la M huko Mahale kwa miaka mingi, aliwapa nyama washirika wake na kuwanyima wapinzani waliomkaribia kwa cheo.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba madume hushirikiana kwa sababu ni ndugu. Uchunguzi wa DNA uliofanyika Ngogo, Uganda, na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba ndugu wa mama mmoja hushirikiana kweli kuliko wengine, lakini jozi nyingi za madume wanaoshirikiana sana hazina udugu wa karibu. Kwa hiyo udugu ni sababu mojawapo, wala si sababu pekee.

## Doria za mpakani

Tabia inayoonyesha vizuri jinsi ushirikiano na uhasama vinavyofungamana ni doria. Madume kadhaa, mara nyingine pamoja na jike mmoja au wawili, huondoka katikati ya eneo lao na kuelekea mpakani. Kwa kawaida sokwe ni wanyama wenye makelele, lakini katika doria hutembea kwa mstari na kimya. Husimama kusikiliza, hunusa ardhi na majani, na huchunguza viota na mabaki ya chakula yaliyoachwa na majirani.

Wakisikia kundi kubwa la upande wa pili, mara nyingi hurudi mbio. Wakikuta idadi inayolingana, hupigiana kelele na kutishana kwa mbali. Lakini wakimkuta sokwe mgeni aliye peke yake, wanaweza kumzingira na kumshambulia. Baadhi humshika mikono na miguu huku wengine wakimpiga na kumng'ata.

Kwamba sokwe hupima nguvu kabla ya kuchukua hatua kulithibitishwa kwa jaribio lililofanyika Kanyawara, katika msitu wa Kibale, na kutangazwa mwaka 2001. Watafiti waliwasikilizisha sokwe sauti ya dume mgeni iliyorekodiwa. Madume waliokuwa watatu au zaidi waliitikia kwa kelele na kuisogelea sauti kwa pamoja. Waliokuwa wachache walinyamaza na kusita, na walikuwa wagumu zaidi kusogea.

## Vita vya Gombe (1974–1978)

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi lililochunguzwa na Goodall lilianza kugawanyika. Madume waliopenda upande wa kusini, wakiongozwa na Hugh na Charlie, walizidi kukaa mbali na wenzao wa kaskazini, ambao kiongozi wao wakati huo alikuwa Humphrey. Kufikia mwaka 1973 yalikuwepo makundi mawili: Kasakela upande wa kaskazini na Kahama upande wa kusini. Kahama lilikuwa dogo. Lilikuwa na madume wasiozidi saba na majike wachache. Mmoja wa madume hao alikuwa Goliath, yule kiongozi wa zamani, ambaye sasa alikuwa mzee.

Tarehe 7 Januari 1974 madume kadhaa wa Kasakela, wakiwa pamoja na jike aliyeitwa Gigi, walimkuta Godi wa Kahama akila peke yake. Walimwangusha na kumpiga kwa muda wa dakika kumi hivi. Aliinuka akiwa na majeraha makubwa na hakuonekana tena. Shambulio hilo lilishuhudiwa na Hilali Matama, msaidizi wa utafiti Mtanzania.

Mashambulio mengine yalifuata. De alishambuliwa mwaka huohuo, Goliath mwaka 1975, Charlie na Sniff mwaka 1977. Jike mzee aliyeitwa Madam Bee alifariki mwaka 1975 kutokana na majeraha, lakini binti yake kijana Little Bee alijiunga na Kasakela. Dume mwingine, Willy Wally, alitoweka, na kufikia mwaka 1978 kundi la Kahama halikuwepo tena. Washambuliaji na walioshambuliwa walikuwa wamekua pamoja. Wengi wao waliwahi kuchambuana manyoya na kula mti mmoja.

Ushindi wa Kasakela haukudumu. Baada ya kuchukua eneo la Kahama walikutana na kundi lenye nguvu zaidi la Kalande, lililokuwa kusini zaidi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 Kasakela walikuwa wamerudishwa nyuma na kupoteza sehemu kubwa ya walichokuwa wamekipata.

Kumbukumbu za vita hivyo zisingekamilika bila wafanyakazi Watanzania. Mwezi Mei 1975 waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) waliwateka nyara watafiti wanne wa Gombe. Wote waliachiwa hatimaye, lakini watafiti wa kigeni walilazimika kuondoka kituoni. Wasaidizi kutoka vijiji vya jirani, akiwemo Hilali Matama, ndio walioendelea kuwafuata sokwe milimani na kuandika habari zao kila siku.

## Kwa nini kundi liligawanyika

Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Joseph Feldblum walichapisha uchambuzi wa daftari za zamani za Gombe zilizoingizwa katika kompyuta. Walihesabu nani alionekana na nani, mwezi kwa mwezi. Waligundua kwamba utengano ulianza kuonekana wazi mwaka 1971, wakati Humphrey alipokuwa kiongozi huku akipingwa na Hugh na Charlie. Wakati huo majike waliokuwa tayari kupata mimba walikuwa wachache kulingana na idadi ya madume. Kwa maoni yao, mvutano wa cheo kati ya madume hao watatu, pamoja na uchache wa majike, ndio uliovunja urafiki uliokuwa umeunganisha kundi.

## Mahale

Huko Mahale kulikuwa na makundi mawili jirani, K na M. Kundi la M lilikuwa kubwa kuliko lile la K. Kati ya miaka 1969 na 1982 madume wazima wa kundi la K walitoweka mmoja baada ya mwingine, na majike wengi walihamia kundi la M. Mauaji yenyewe hayakuonekana kwa macho, lakini kulikuwa na mapambano ya mpakani, na Nishida na wenzake waliona kwamba baadhi ya madume hao huenda waliuawa na majirani.

## Ngogo, Uganda

Kundi la Ngogo katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale ndilo kundi kubwa kuliko yote yaliyowahi kuchunguzwa. Lilifikia karibu sokwe 200. John Mitani na David Watts walianza utafiti wa kudumu huko mwaka 1995.

Katika muda wa miaka kumi, watafiti walihesabu sokwe 21 wa makundi jirani waliouawa na sokwe wa Ngogo. Kati ya hao, 13 walitoka kundi moja la kaskazini-mashariki. Mwaka 2009 sokwe wa Ngogo walianza kutumia eneo hilo kama lao, na ardhi yao ikaongezeka kwa kilomita za mraba 6.4, yaani asilimia 22. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025 ulilinganisha miaka mitatu kabla na miaka mitatu baada ya upanuzi huo. Vizazi viliongezeka kutoka 15 hadi 37, na vifo vya watoto walio chini ya miaka mitatu vilipungua kutoka asilimia 41 hadi 8.

Baadaye yaliyotokea Gombe yalijirudia hapo. Kuanzia mwaka 2015 sokwe wa Ngogo walianza kutengana, na kufikia 2018 yalikuwepo makundi mawili, la Magharibi na la Kati. Madume wa Magharibi wamewashambulia na kuwaua baadhi ya wenzao wa zamani wa kundi la Kati. Safari hii mgawanyiko ulifuatiliwa na watafiti tangu mwanzo, katika msitu ambamo sokwe hawakulishwa na watu.

## Hoja kuhusu chanzo cha uhasama

Habari za Gombe zilipotangazwa zilizua mabishano. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1960 Goodall aliwapa sokwe ndizi ili wazoee kuja kambini. Huko Mahale nako walipewa miwa na ndizi. Margaret Power, katika kitabu chake cha mwaka 1991, alidai kwamba chakula hicho kiliwakusanya sokwe wengi mahali pamoja, kikaleta ugomvi na kuharibu tabia yao ya asili. Wengine walitaja kukatwa kwa misitu kama sababu.

Ili kupima hoja hizo, Michael Wilson na wenzake walikusanya taarifa za makundi 18 ya sokwe kutoka vituo mbalimbali vya Afrika, na kuzichapisha mwaka 2014. Walipata mauaji 152, baadhi yakiwa yameonwa na mengine yakikisiwa kutokana na dalili. Asilimia 92 ya washambuliaji walikuwa madume, na mauaji mengi yalikuwa kati ya makundi. Kwa kawaida washambuliaji walikuwa wanane kwa mmoja. Wingi wa mauaji haukuendana na kulishwa au kusumbuliwa na watu, bali uliendana na idadi ya madume na msongamano wa sokwe. Matokeo hayo hayasemi kwamba ndizi hazikuwa na athari yoyote huko Gombe, lakini yanaonyesha kwamba uhasama upo hata pasipo na ndizi.

## Maelezo ya kimageuko

Katika nadharia ya mageuko, tabia huenea ikiwa wanaoifuata huacha wazao wengi zaidi. Faida inayotajwa sana ni eneo. Takwimu za Gombe zilionyesha kwamba eneo la Kasakela lilipokuwa kubwa, majike walizaa kwa vipindi vifupi zaidi. Takwimu za Ngogo zimeelekea upande huohuo.

Lakini kupigana kuna hatari. Richard Wrangham alieleza kwamba sokwe huua pale ambapo hatari ni ndogo kwao. Kwa kuwa hutembea katika vikundi vinavyobadilika, mara nyingi hutokea madume wengi kumkuta adui mmoja. Wengi hushinda bila kuumia sana, na jirani hupungukiwa na mlinzi mmoja.

Linabaki swali la wategeaji. Dume anayebaki nyuma wenzake wanapokwenda doria hupata faida ya eneo bila kulipa gharama. Jibu mojawapo ni kwamba kundi likipoteza, naye hupoteza kila kitu, hasa ikiwa ana watoto ndani ya kundi. Jibu jingine linahusu mwili wenyewe: katika msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, ilionekana mwaka 2017 kwamba homoni ya oksitosini, inayohusishwa na upendo wa mama na mtoto, huongezeka kwa sokwe kabla na wakati wa makabiliano na majirani. Kwa maana hiyo hisia zinazowaunganisha walio ndani huenda ndizo zinazowatayarisha kupambana na walio nje.

## Bonobo

Bonobo (Pan paniscus) huishi kusini ya Mto Kongo tu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wana undugu na binadamu sawa na ule wa sokwe, lakini tabia yao ni tofauti. Majike huungana na wana nguvu kubwa katika kundi. Makundi mawili yakikutana, mara nyingi hula na kulala karibu. Utafiti wa Kokolopori uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha bonobo wa makundi tofauti wakichambuana manyoya na kugawiana chakula. Katika uchunguzi wa mwaka 2014, makundi manne ya bonobo yalikuwa na tukio moja tu la mauaji, nalo la kudhaniwa.

## Sokwe na vita vya binadamu

Wapo wanaosema kwamba vita ya binadamu imerithiwa kutoka kwa babu mmoja na sokwe. Wengine hupinga, wakitaja bonobo. Jambo lililo wazi ni kwamba binadamu anaweza kufanya yale ambayo dume wa sokwe hawezi: kuoa na kuozesha upande wa pili, kufanya biashara na jirani, kupatana baada ya ugomvi na kumkaribisha mgeni. Uchunguzi wa sokwe unaeleza asili ya tabia fulani. Hauihalalishi, wala hauonyeshi kwamba haiwezi kuzuilika.

## Hali ya sasa na hifadhi

Sokwe wako hatarini kutoweka. Gombe ina sokwe wapatao 100 tu katika makundi matatu ya Mitumba, Kasakela na Kalande, na imezungukwa na mashamba na vijiji. Kundi la Kalande, lililowahi kuwashinda Kasakela, limepungua sana. Kundi linalobanwa kati ya jirani mwenye nguvu na shamba halina pa kukimbilia, na hivyo ukataji wa misitu huzidisha madhara ya uhasama wa asili. Magonjwa ni tishio jingine: ugonjwa wa njia ya hewa uliotokea Ngogo mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017 uliua sokwe 25.

Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vya Kigoma, unaounganisha upandaji miti, matumizi bora ya ardhi, afya na elimu. Vijiji kadhaa vimetenga misitu yao ili miti iote tena nje ya hifadhi. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025. Utafiti wa Gombe, ulioanza mwaka 1960, unaendelea, na kazi ya kuwafuata sokwe kila siku bado inafanywa na Watanzania.